Kikuku cha Ridhaa

Mihayo alipiga magoti kwanza, ndipo akasema. Alikuwa amesikia mahali kwamba mtoto hapewi habari ya kifo na mtu aliyesimama, basi akapiga magoti pale pale sebuleni, akamshika binti yake mabega yote mawili.

"Kalunde, mama. Bibi ametutoka. Amefariki hospitalini alfajiri hii."

Kalunde alikuwa na miaka kumi. Alimtazama baba yake usoni, ametulia. Kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto kikuku kiliwaka rangi ya chungwa, mara moja tu, kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu chafya ikamkimbia. Kisha kikarudi kijani. Kijani kibichi cha matembele.

"Pole, baba," alisema Kalunde. "Alikuwa mama yako."

"Asante, mwanangu."

"Tunarusha matangazo sasa hivi, au tungoje jua lipande kidogo? Saa hizi mwanga wa dirishani unanikata uso."

Loo! Mtoto huyu alikuwa akilala na bibi yake kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa. Walikuwa wakiitana mke mwenza, wakigombea babu aliyekwisha kufa kabla Kalunde hajazaliwa, wakiibiana karanga na kusingiziana. Leo bibi amekufa, na mtoto anauliza habari za mwanga. Wala hakuwa anaigiza, na hilo ndilo lililomtia Mihayo baridi. Angekuwa anaigiza, kikuku kingesema.

Maana kikuku hakidanganyiki. Mihayo alikijua nje ndani, kwa sababu kazi yake mojawapo, ukiacha ile ya kuitwa Baba Kalunde na watu asiowajua, ilikuwa kukisafisha kila asubuhi kwa pamba na spiriti. Upande wa ndani kilikuwa na vinundu vidogo vidogo vinavyosoma chumvi ya jasho, mapigo ya moyo, na ule umeme mwembamba unaopita chini ya ngozi mtu anapoogopa au kuudhika. Mtoto akiwa ameridhika, kinawaka kijani, na nzi wanaruka. Nzi ndilo jina ambalo watu walizipa zile kamera ndogo, kwa ukubwa wake na kwa tabia yake ya kukufuata mpaka mezani. Mtoto akiwa hana raha, kinawaka nyekundu, na nzi wote wa nyumba hiyo wanazimwa papo hapo na Ofisi ya Ridhaa, mzazi apende asipende.

Sheria hiyo ililetwa na kizazi cha kwanza, wale watoto waliokulia ndani ya simu za wazazi wao. Walirushwa wakiwa uchi kwenye beseni, wakarushwa wakililia sindano, wakarushwa hata siku ya kuvunja ungo. Walipokua wakakuta hawana siri hata moja iliyobaki nyumbani, wakawapeleka mama zao na baba zao mahakamani, mpaka nchi ikaona haya. Ndipo ikaamuliwa: mtoto arushwe pale tu anaporidhia mwenyewe, na ridhaa yake ipimwe. Sheria nzuri, nani atabisha? Lakini mwonyeshe binadamu kufuli, atakesha akitafuta ufunguo. Haukupita muda wazazi wakagundua kwamba, kama kikuku hakidanganyiki, basi mtoto anafundishika.

Kalunde alifundishwa na Mihayo mwenyewe. Wenzake waliajiri walimu wa kijani, wengine wakali kama pilipili. Yeye alifanya kwa mapenzi, mtoto akiwa amempakata. Kalunde ana miaka minne, kanyimwa andazi, analia, baba anamfuta machozi na kumnong'oneza, "Tucheze mchezo wa kijani, mama. Fumba macho. Hicho kitu kibaya kiko wapi? Kifuani? Haya, kiambie kisubiri." Na mtoto anakiambia kisubiri, na taa inageuka, na baba anapiga makofi, na andazi linaletwa. Mtoto akafuzu, tena akapitiliza! Alipoanguka na baiskeli akavunjika kiwiko, kijani. Rafiki yake kipenzi alipohamia Mpanda, kijani. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa awe na raha, basi akawa nayo kama mtu anavyokuwa na kovu.

Majuzi Mihayo alikuwa amemuuliza, kwa utani tu, "Ukishakiambia kisubiri, huwa kinarudi lini?"

"Hakirudi, baba," Kalunde alimjibu, akaendelea kumenya chungwa lake.

*

Skolastika alikuwa jikoni, macho yamevimba. Alikuwa amemlilia mama mkwe wake kilio cha kweli, kamasi na kila kitu, kwa sababu yeye hakuwa na kikuku na hakuna aliyemkataza. Sasa alikuwa ameosha uso, anawapanga nzi wake juu ya meza, anawajaribu mmoja mmoja.

"Watu wanauliza, Baba Kalunde. Tangu kumekucha wanauliza. Wanampenda bibi kuliko wanavyotupenda sisi."

"Mama hakuwapenda hata siku moja. Alikuwa anawapiga hawa nzi kwa kitambaa cha kushikia sufuria."

"Ndiyo maana walimpenda." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka tena, akayafuta kwa kiganja. "Tutarusha msiba kwa heshima. Hatutaonyesha maiti. Kalunde atasema maneno mawili matatu, basi."

"Mtoto hajalia, Mama Kalunde."

"Kila mtu analia kwa namna yake."

"Hajalia kabisa! Nimemwambia bibi kafa, kaniuliza habari za mwanga."

Skolastika aliweka nzi chini. Hakuwa mwanamke mbaya, tusimsingizie. Alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nimelia utoto wangu wote. Nilililia njaa, nikalilia viboko, nikalia mpaka nikachoka, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nina nini. Mungu kanipa mtoto asiyelia. Wewe unataka nimwombe radhi nani?"

Mihayo alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji, akapiga simu Ofisi ya Ridhaa. Ilipokelewa na ofisa mmoja aliyejitambulisha kama Bi Redempta, sauti ya mtu mzima aliyechoka.

"Nakiona kikuku chenu hapa," alisema Bi Redempta. "Kijani. Kimekuwa kijani miaka sita mfululizo. Malalamiko ni yapi?"

"Ndiyo malalamiko yenyewe, mama. Bibi yake amekufa leo."

Sauti ya upande wa pili ilishuka.

"Ulimfundisha?" aliuliza Bi Redempta.

"Nilimfundisha."

"Baba, mimi siwezi kuzuia kijani. Sheria inasema kijani ni ridhaa. Hata ukinililia hapa, nikikata matangazo ya mtoto anayeridhia, mimi ndiye nitakayeshtakiwa." Kisha akasema kwa haraka, kama anaiba, "Mwanangu alikuwa na chaneli. Na mimi nilimfundisha, tena vizuri kuliko wewe. Alipotimiza miaka kumi na minane wakamvua kikuku. Sasa ana ishirini na mbili. Asubuhi nikimuuliza, mwanangu, utakunywa chai au uji, anainama anatazama mguu. Mguu mtupu. Anautazama tu, hajui anataka nini. Nisikilize: ukiwa bado una nafasi, kabla hajakua, akipata nyekundu moja ya kwake mwenyewe, usiizime."

"Nitaipata wapi?"

"Ungejua mwenzangu nilivyoitafuta," alisema Bi Redempta, akakata simu.

Mihayo alibaki na simu mkononi. Amfanyeje mtoto? Ampige? Amtishe? Mzazi gani anakwenda kutafuta cha kumuumiza mwanawe? Halafu akakumbuka kwamba kuna kuumiza kwa namna nyingine, kule kwa kumpakata mtoto na kumpigia makofi, na hiyo alikuwa ameifanya kila siku huku akijisifu. Alirudi ndani. Kalunde alikuwa amekwisha kuvaa gauni jeusi, nzi watatu wanamzunguka kichwani.

"Si lazima, mama," Mihayo alimwambia. "Ukisema hutaki, tunaacha."

"Mimi naridhika, baba," alisema Kalunde, akanyanyua mguu kidogo ili aone.

*

Msiba uliwekwa pale pale nyumbani kwao, Ipuli, Tabora. Turubai zilifungwa, sufuria zikainjikwa, wanawake wakajaa ndani kwenye mikeka na wanaume nje kwenye viti. Kalunde aliketishwa barazani, mahali penye mwanga mzuri, nzi wakiwa kazini. Alikuwa amekwisha kuwaambia wafuasi wake kwamba bibi alikuwa mcheshi na kwamba watu wapende bibi zao wakiwa hai. Alisema vizuri mno. Mihayo aliyekuwa amesimama kando ya nguzo alitamani ardhi ipasuke.

Jeneza lililetwa na gari lisilo na dereva, jeupe, likaingia uani polepole. Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Kidawa.

Mwalimu Kidawa alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, Mzaramo aliyehamia Tabora tangu ujana wake. Siku za kawaida wanafunzi wakikiona kivuli chake wanachomekea mashati. Lakini Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la marehemu, ni watani, na msiba wa mtani ni uwanja wa mtani: anafanya atakalo, anasema atakalo, na hakuna wa kumgusa. Basi yule mama mzima, miwani puani, alijitupa chini mbele ya gari, akalala chali.

"Mpagazi kafa!" alipiga kelele. "Nani sasa atanibebea mizigo yangu mpaka pwani? Haingii ndani mtu hapa! Haziki mtu!"

Gari lilisimama. "Tafadhali ondoka njiani," lilisema kwa sauti tamu ya kike.

"Uondoke wewe! Hata dereva huna, unakuja msibani kwa watu peke yako kama mchawi!"

"Tafadhali ondoka njiani," gari lilirudia.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanawake walitoka ndani machozi bado mashavuni, wakaona, wakavunjika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani, kuwakumbusha waliofiwa kwamba bado wana mbavu. Mpwa wake Mihayo alimpa kreti ya soda, ndipo Mwalimu Kidawa akajizoa vumbini na gari likapita.

Skolastika alikuwa anasoma ujumbe wa wafuasi kwenye simu aliyoifunga mkononi. Wengi walikuwa wa mbali, na hao hawakuelewa hata kidogo. Yule mwanamke ana wazimu? Polisi wako wapi? Mwondoeni karibu na mtoto! Mtambo wa kutafsiri nao ulikuwa umechanganyikiwa, unaandika chini ya picha, kwa herufi za adabu: mgeni anamtukana marehemu. "Waache wafikiri hivyo," alisema Skolastika kwa sauti ya chini. "Wamezidi kumiminika."

Jeneza lilipoingizwa ndani, Mwalimu Kidawa alipotea kidogo. Aliporudi, Mihayo alishtuka mpaka akashika nguzo. Mtani alikuwa ameingia chumbani kwa marehemu, amevaa sweta lake la bluu lililotoboka kiwiko, amejifunga kitambaa chake kichwani, na sasa anakuja barazani akichechemea mguu wa kulia. Alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Bibi Nyamizi kabisa, kile kikavu cha mara mbili na guno mwishoni. Kicheko kilipasuka uani, na ndani ya kicheko baadhi ya wanawake wakaanza kulia upya.

"We mke mwenzangu!" Mwalimu Kidawa alimwendea Kalunde. "Umekaa kama bibi harusi, na maji ya kuoga ya mume wetu hujachemsha?"

Kalunde alitabasamu. Nzi wakasogea. Kijani.

"Unanichekea? Haya cheka. Nimeondoka na karanga zangu zote, sikukuachia hata ganda."

Kalunde aliendelea kutabasamu, lakini Mihayo aliiona taa ikicheza. Chungwa. Mtoto alifumba macho, midomo ikatikisika kidogo sana, na Mihayo alijua midomo ile inasema nini kwa sababu neno lile yeye ndiye aliyelitia mle. Subiri. Kijani kikarudi.

"Na tena nikwambie," mtani aliendelea, akikohoa kile kikohozi, "ulifikiri nilikuwa nalala na wewe kwa mapenzi? Thubutu! Ilikuwa baridi tu. Nilikuwa natafuta cha kunipasha mgongo."

Watu walicheka tena. Chungwa. Safari hii taa haikugeuka haraka.

Skolastika alimfikia mumewe kwa hatua mbili. "Baba Kalunde, mkomboe mtoto! Mpe jogoo huyu mama anyamaze! Huoni kikuku?"

Mtani hafukuzwi wala hakatazwi. Hukombolewa. Ukimpa kitu anashukuru, ananyamaza, na mambo yamekwisha. Jogoo alikuwepo, amefungwa kwenye nguzo ile ile aliyoegemea Mihayo, amewekwa kwa ajili hiyo tangu asubuhi. Ilikuwa kuinama tu na kufungua kamba.

Mihayo aliinama. Akaishika kamba. Alimtazama binti yake, macho yamefumbwa, midomo inakwenda, jasho limemtoka juu ya mdomo. Kila kitu ndani yake kilimwambia amwokoe. Ndivyo alivyofanya siku zote, alimwokoa na kila kilio, na sasa mtoto anamzika bibi yake kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Na kumwacha pale, mbele ya kadamnasi, achomwe kidonda? Huo nao ni ubaba gani? Eh Mungu, alisema moyoni, kama nakosea unichape mimi.

Akaiachia kamba, akasimama wima.

"Mihayo!" Skolastika hakuwahi kumwita jina lake mbele za watu.

"Mwache."

Mwalimu Kidawa alikuwa amejibwaga kwenye mkeka ubavuni mwa mtoto, anamsukuma kwa nyonga. "Haya sogea huko. Nipashe mgongo, mvivu we."

"Vua," alisema Kalunde.

"Unasemaje? Nimezeeka, sisikii."

"Vua sweta la bibi."

"Bibi gani? Bibi si ndiye mimi?"

"Wewe si bibi!" Kalunde alisimama, nzi wakatawanyika. Sauti ilimtoka nyembamba, mbaya, haijawahi kusikiwa na mtu yeyote pale uani, hata yeye mwenyewe ilimshtua. "Wewe si bibi! Bibi amekufa! Yumo ndani ya lile sanduku! Hakohoi tena! Vua! Vua, vua, vuaaa!"

Kikuku kiliwaka nyekundu.

Nzi walianguka. Pa, pa, pa, wote kwa pamoja, mkekani, kwenye sinia la wali, kwenye kofia ya katekista. Watoto wakawakimbilia kuwaokota. Na Kalunde akaanza kulia. Mwanzoni hakujua namna yake. Alikoroma, akakwama, akatoa hewa tupu, kama bomba likirudishiwa maji baada ya mgao mrefu. Halafu kikaja chenyewe, kilio kamili, mdomo wazi, kamasi zinashuka, miguu inapiga sakafu.

Mwalimu Kidawa alikuwa amekwisha kulivua sweta. Alimvalisha mtoto kupitia kichwani, akamwingiza mikono mmoja mmoja kama anavyovalishwa mtoto mchanga, na miwani yake ilikuwa imejaa ukungu. "Lako, mama. Lako, silitaki tena. Nisamehe. Nyamizi ndiye mtani wangu wa kwanza mji huu, ningemuagaje bila kumtania?" Naye akaketi chini akalia. Kisha akainua kichwa, akawatazama watu waliopigwa na butwaa. "Na nyinyi mnatazama nini, wapagazi? Lieni! Au mpaka mletewe chakula?"

Basi uwanja mzima ukaangua kilio.

*

Skolastika alikuwa amesimama katikati ya baraza, ameshika nzi mmoja aliyekufa mkononi. Mihayo alingoja amtukane. Alistahili. Lakini mkewe alimgeukia kwa uso ambao Mihayo hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu barabarani.

"Namfanyaje?" alinong'ona. "Baba Kalunde, mimi sijui. Analia. Namfanyaje?"

"Mbebe."

"Mkubwa huyu?"

"Mbebe tu."

Skolastika alifungua kanga kiunoni, akachuchumaa. Kalunde, na urefu wake wote, alimpanda mama yake mgongoni huku analia, akafungwa kanga, miguu ikaning'inia mpaka magotini pa mama. Waliokuwa karibu wangecheka siku nyingine. Kikuku kilikuwa bado chekundu, kinabembea.

Simu ya mkononi mwa Skolastika ililia. Ofisi ya Ridhaa. Ilikuwa sauti ya Bi Redempta, lakini safari hii ilikuwa inapanda na kushuka.

"Nimeona nyekundu kwenu. Ni mtambo umeharibika, au ni yeye?"

"Ni yeye," alisema Skolastika.

"Ni yeye mwenyewe? Analia?"

"Msikilize."

Alinyoosha mkono nyuma ya bega. Bi Redempta alisikiliza muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Mungu mkubwa," alisema hatimaye. Akakohoa, akarudi kwenye sauti ya serikali. "Kwa mujibu wa sheria, chaneli yenu imefungwa kusubiri ukaguzi. Mna haki ya kupinga. Mkipinga leo, na kikuku kikirudi kijani, kesho mnarushwa kama kawaida. Mnapinga?"

Neno hili halikuwa la Mihayo. Alikuwa amekwisha kutenda la kwake. Alimtazama mkewe na kuyaona yote yanapita usoni pake, nyumba yao, wadogo zake anaowasomesha, wafuasi wanaomwita mama. Skolastika aligusa mgongo wake kwa mkono wa nyuma, akauleta mkono mbele, akautazama.

"Nimelowa," alisema, kama anasema na nafsi yake. "Mgongo wote umelowa." Kisha akasema kwa nguvu, "Hatupingi. Na mje mkivue hiki kikuku. Si cha kwenu? Mje mkichukue."

Mihayo alitaka kumshika mkewe, lakini walikuwa msibani, mbele ya wakwe na wajomba, basi akamfunga vizuri pindo la kanga lililokuwa linalegea.

Kalunde alikuwa amenyamaza ghafla. Alimtazama baba yake kutoka mgongoni, kope zimegandana kwa machozi.

"Ulishika kamba ya jogoo," alisema. "Nilichungulia, nikakuona. Halafu ukaiachia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumkomboa? Mimi nilikuwa naumia, baba!"

Angeweza kumwambia mengi, yote ya kweli na yote ya kujitetea. "Nilitaka uumie, mwanangu," alisema. "Bibi amekufa. Inauma. Mimi ndiye niliyekufundisha isiume, na nilikosea."

Kalunde alimpiga teke. Kutoka pale mgongoni, kwa mguu wenye kikuku, alimpiga baba yake teke la kifua, tena halikuwa la mchezo. "Sikutaki," alisema. "Usinisemeshe."

"Haya, mama."

"Usiniite mama!"

"Haya."

Walizika alasiri. Mihayo alitupa udongo kama wanavyotupa wana wa marehemu, akarudi nyuma kuwapisha wengine. Mbele yake alisimama mkewe, amembeba binti yao ambaye sasa alikuwa analia kilio cha chini chini, cha kuchoka, kile ambacho hata nawe ukikisikia unajua kitaisha chenyewe na mtoto ataomba chakula. Kichwa kimelala begani kwa mama yake. Sweta la bluu limemfika magotini. Mihayo alilitazama lile tundu la kiwiko. Mwaka jana mama yake alimwambia amtafutie uzi wa kulishona, naye akasema atauleta, na hakuuleta, akasahau, na mama hakumwambia tena.

Kitu kilimpanda kifuani. Kwa mazoea alikiambia kisubiri.

Hakikusubiri. Kilimtoka kwa kelele, mbele ya makaburi na mbele za watu, mwanamume mzima na ndevu zake, akajishika magoti akalia mama yangu, mama yangu, mama yangu wee. Watu walimwacha. Kaka yake alitaka kumshika, Mwalimu Kidawa akamzuia kwa kiwiko.

Alipofumbua macho alikuta Kalunde amegeuza shingo, anamtazama.

"Baba, unalia?"

"Nalia."

Mtoto alimwangalia kwa makini, kama anayesoma kitu kipya. Hakutazama mguuni, si pake wala pa mtu yeyote. Alitoa mkono mmoja kwenye kanga, akaunyoosha mpaka ukamfika, akamfuta kamasi kwa mkono wa sweta.

"Lakini bado nimekukasirikia," alisema. "Usifikiri yameisha."

"Najua," alisema Mihayo, na moyo wake ukatua. "Nikasirikie tu, mwanangu. Nikasirikie mpaka utosheke."